Kugeuza kosta ya daladala kuwa nyumba ya safari: bati kwanza, kitanda baadaye

Kosta iliyochoka kubeba abiria bado ina miaka mingi mbele yake ikiwa bodi na mihimili yake ya chini ni mizima. Kwa Tanzania na Kenya, Toyota Coaster ndilo basi dogo linalofaa zaidi kwa kazi hii. Spea zipo karibu kila mji, mafundi wanaijua vizuri, na urefu wake wa mita 6.25 (toleo refu linakaribia mita 7) unapenya mitaani bila shida. Hata hivyo, kosta nyingi zilizogeuzwa nyumba huchakaa ndani ya misimu miwili ya mvua. Sababu ni zilezile mbili: maji yaliyoingia paani yakafichwa na mbao nzuri, na uzito uliorundikwa nyuma ya gari. Mpangilio wa kazi ufuatao unalenga kuyazuia hayo mawili. Ukigeuza utaratibu, ukaanza na makabati kwa sababu ndiyo yanayopendeza machoni, utakuja kuyabomoa.

Kununua

Ikiwezekana tafuta yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, isiyo na turbo, pampu yake ya kimakanika isiyotegemea kompyuta. Ikikuzimikia Tunduma au Isiolo utapata mtu wa kuifungua. Iwashwe ikiwa baridi kabisa. Ukikuta mwenye gari ameshaipasha moto, rudi kesho yake asubuhi. Moshi wa bluu usiokoma maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikiunguruma: mvuke mwepesi ni wa kawaida, lakini ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinaruka-ruka ukikiweka juu ya tundu, ringi na silinda zimekwisha. Uliza taiming belti ilibadilishwa lini. Asipokuwepo mwenye jibu, ibadilishe kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu haitakiwi kuzidisha kilomita 100,000 na ikikatika valvu zinagongana na pistoni.

Kisha lala chini ya gari na tochi. Kosta ya daladala imebeba watu waliosimama kwa miaka, na nyufa huanzia pale springi za nyuma zinaposhikiliwa na mihimili. Mahali palipochomelewa mara moja vizuri panavumilika. Palipochomelewa juu ya mchomeleo wa zamani, tena na tena, acha gari hilo. Angalia pia ngazi ya mlango wa abiria, mabati yaliyoinuka juu ya matairi ya nyuma, na pembe za chini za vioo ndani ya raba. Bonyeza kwa bisibisi: bati zima linalia, lililooza linabonyea kimya. Rangi mpya nzito sehemu za chini iwe sababu ya kubonyeza zaidi.

Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Kwa Tanzania, gari la biashara lina namba nyeupe na la binafsi lina namba za njano, kwa hiyo kosta iliyokuwa daladala inabidi ibadilishwe matumizi TRA, na leseni ya usafirishaji ya LATRA ifungwe. Kenya kazi hiyo iko NTSA. Mweleze pia wakala wa bima, kwa maandishi, kwamba ndani patakuwa na jiko na vitanda. Maliza hayo mapema, kabla hujakata bati lolote.

Kuvua hadi bati

Viti vimefungwa kwa bolti zinazohitaji spana namba 12 au 14, na nyingi zimeshikwa na kutu. Zinyunyizie oili ya kulegeza usiku uliotangulia, halafu mmoja ashike nati kwa chini na mwingine afungue kwa ndani. Zitakazokataa zikatwe kwa grenda. Bakiza viti vyenye mikanda kwa idadi ya watu watakaosafiri, kwa sababu hakuna anayepaswa kukaa kitandani gari likitembea. Vingine viuze, vina soko.

Ng'oa kapeti ya mpira, mbao iliyo chini yake kama ipo, dari na paneli za pembeni. Utakuta vumbi, sarafu, na pengine maji yaliyokaa miaka. Kila penye alama ya maji paandikwe kwa chaki.

Sasa fanya jaribio ambalo wengi hulipita. Gari likiwa tupu, mtu mmoja amwagie maji ya mpira kwenye bodi hadi paani kwa nusu saa, akianza chini ya vioo na kupanda taratibu, na mwingine awe ndani na tochi na chaki. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi, kwa kuwa yanateremka na kupenya popote. Wahusika wakuu ni bolti za keria, mfuniko wa dharura wa paani, mkunjo ambapo paa linaungana na ubavu, na raba za vioo zilizokauka. Keria ya zamani iondolewe, na matundu yake yazibwe kwa vipande vya bati vilivyochomelewa. Silikoni ya dukani haitoshi: haishiki rangi, na ikishapakwa hakuna kitu kingine kinachoshika juu yake. Tumia gundi ya poliyurethani ya magari, ile ambayo mafundi huiita Sikaflex hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kopo 8 hadi 10 zinatosha gari zima.

Kutu iondolewe hadi bati ling'ae, kwa brashi ya waya kwenye grenda. Penye tundu pakatwe hadi kwenye bati zima, kisha pachomelewe kipande cha unene wa milimita 1.2. Fundi bodi akikushauri kuziba kwa faiba na puti, kataa: kutu inaendelea kula chini yake na kipande kinadondoka baada ya mwaka. Kabla ya kuchomelea toa nyaya za betri, ondoa kila kinachoungua, na weka kizimamoto mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine. Kisha paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, praima ya epoksi, gundi kwenye viungio, halafu rangi. Oili chafu isipakwe ndani hata kidogo. Inazuia rangi kushika, inanuka, na inalisha moto.

Chini ya milango na kwenye ubavu kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Usivizibe. Bati likikosa pa kupumulia linaoza kutoka ndani kwenda nje, na hutaona kitu mpaka kidole kipite.

Paka paa rangi nyeupe. Katika joto la Pwani, hilo peke yake linapunguza moto ndani kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Kuzuia joto na baridi

Tumia bodi za povu gumu la XPS zenye unene wa milimita 25. Paa, kuta na sakafu ya kosta fupi zinahitaji kama mita za mraba 25. Kama bajeti ni ndogo, maliza paa kwanza. Povu la godoro, kapeti na sufi ya kioo havifai, kwa maana vinanyonya unyevu na kuulaza kwenye bati. Povu la kupulizia pia tunaliepuka: linaziba njia za maji, na siku ukitaka kuchomelea kitu hakuna namna ya kulitoa kwa usafi.

Usiku wa Juni au Julai Njombe au Lushoto, pumzi ya watu wawili inageuka matone kwenye bati lililo wazi. Ndiyo maana bodi zigandishwe zikibana bati, na mianya izibwe kwa utepe wa foili.

Sakafuni gandisha papi za paini zenye kimo cha sentimita 2.5 kwa gundi ya poliyurethani, bila skrubu kupenya bati. Katikati yake weka povu la unene huohuo, juu plaiwudi ya milimita 12, kisha vinaili. Kimo cha ndani kwenye njia ya katikati ni karibu mita 1.8, na sakafu pamoja na dari vitakula sentimita 6 au 7. Mtu mrefu apime kabla.

Dari iwe ya PVC au plaiwudi ya milimita 4. Jipsamu ni nzito na itapasuka kwenye barabara ya kwanza yenye matuta.

Godoro ndilo linalopanga chumba

Godoro halinunuliwi mwanzo, lakini vipimo vyake vijulikane kabla ya kuchora chochote. Magodoro yetu yanauzwa kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Futi 6 ni sentimita 183. Upana wa ndani wa kosta nyingi ni karibu sentimita 188. Ukiweka povu la sentimita 2.5 na plaiwudi ya milimita 4 kila upande, unabaki na sentimita 182 na kidogo. Godoro limekosa nafasi kwa chini ya sentimita moja, na hilo hugundulika siku ya kuliingiza. Una njia mbili: kwenye eneo la kitanda tumia povu la sentimita 1 tu, au laza godoro kwa urefu wa gari, upande mmoja, la futi 4 kwa 6. Njia ya pili inaacha korido ya kupita, na kwa watu wawili wasio wanene ni nzuri zaidi.

Uzito na mahali pake

Mtu atasema kosta ilikuwa inabeba abiria 26, makabati yatailemea vipi? Abiria walikaa wamesambaa sawasawa. Makabati hayasambai.

Chukua kosta fupi, ambayo umbali kati ya ekseli ni mita 3.2. Tangi la kilo 100 likiwekwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi kilo 100. Inabeba kilo 147, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 47. Ongeza kitanda, tairi la akiba na masanduku hukohuko nyuma, na usukani unakuwa mwepesi hasa unapouhitaji, kwenye kona yenye mvua. Kwa hiyo maji, betri na mtungi wa gesi vikae kati ya ekseli mbili, chini kadiri inavyowezekana. Vitu vyepesi, yaani nguo, mashuka na vyandarua, ndivyo vikae nyuma na juu. Gawa pia kushoto na kulia: jiko na friji upande mmoja, tangi na betri upande wa pili.

Pima gari mara mbili kwenye mizani, likiwa limevuliwa na likiwa limekamilika, ekseli moja moja, ulinganishe na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Kumbuka kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayataka magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na zaidi kupita mizani za barabara kuu.

Umeme

Kosta nyingi za dizeli kutoka Japani zina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Hapa pana kosa linaloua betri kila siku: fundi anachukua volti 12 kwenye betri moja ili awashe redio au taa. Betri hiyo inaishiwa, ya pili inazidishiwa chaji, na baada ya miezi michache zote zimekufa. Umeme wa nyumba uwe na betri yake, ukichajiwa na sola na kwa chaja ya kushusha volti 24 hadi 12 yenye ampea 20, iliyofungwa ifanye kazi injini ikiwa imewaka tu.

Hesabu matumizi kabla ya kwenda Kariakoo. Friji ya kompresa ya volti 12 yenye lita 50 inakula kama wati 45, na kwenye joto la Dar inazunguka karibu nusu ya siku, sawa na wati-saa 540. Taa 6 za wati 3 kwa saa 5 ni 90. Feni 2 za wati 15 kwa saa 9 ni 270. Simu na kompyuta mpakato, 200. Pampu ya maji, 20. Jumla ni 1,120 kwa siku. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 200 ina wati-saa 2,560, inakuvusha karibu siku mbili za mawingu. Paneli 2 za wati 200 kwa saa 4.5 za jua kamili, ukitoa robo ya upotevu, zinaleta 1,350. Kontrola ya MPPT, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, ya ampea 30 inatosha. Kama utaegesha chini ya miembe, funga paneli sambamba kwa waya wa milimita 6 za mraba, ili kivuli kwenye moja kisiiangushe nyingine. Zibebwe na reli zilizofungwa kwenye mbavu za paa, zikiacha sentimita 5 za hewa chini yake. Paneli hupoa, na paa hupata kivuli.

Inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1,000 inavuta karibu ampea 90, hivyo waya uwe wa milimita 25 za mraba usiozidi mita 1.5, na fyuzi ya ampea 125. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Birika na jiko la umeme visahau.

Fundi umeme wa majumbani atakuja na waya wa nyumba wenye kiini kimoja kigumu. Usiukubali. Mtetemo unauvunjia ndani ya ganda, taa zinapepesa, na mwisho panatoa cheche nyuma ya mbao. Taka waya laini wenye nyuzi nyingi, vichwa vilivyobanwa kwa koleo lake, sio kusokota na kufunga tepu. Kila waya unapopita kwenye bati pawekwe raba. Bati ni msumeno gari likitembea.

Maji, gesi na choo

Tangi la lita 100 linawatosha watu wawili siku 5 au 6 wakioga kwa kiasi. Mawili ya lita 50 ni bora kuliko moja kubwa, maji hayayumbi sana yakiwa nusu. Asiyetaka gharama aweke madumu 5 ya lita 20 kwenye fremu yenye mkanda, na pampu ya volti 12 ikinyonya dumu moja baada ya jingine. Weka chujio kabla ya pampu, maana mchanga ndio unaoiua. Mpira uwe wa kunyumbuka, wa maji ya kunywa. Bomba gumu la PPR hupasuka kwenye viungio.

Gesi ni nzito kuliko hewa, inatua chini na kutambaa. Mtungi wa kilo 6 usimame wima, umefungwa mkanda, ndani ya kabati lililozibwa kabisa upande wa chumbani, lenye tundu la sentimita 5 sakafuni linalotoka nje, mbali na ekzosi. Kila kiungio kijaribiwe kwa povu la sabuni. Funga kengele ya kaboni monoksidi karibu na usawa wa kichwa cha aliyelala, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kama moto umebaki wa kuotea.

Choo cha kubebeka chenye tangi la lita 20 kinafaa kwa wengi. Tundu la hewa usilikate jipya: mfuniko wa dharura ulio paani unatosha kupachika feni. Kila kioo kinachofunguka kipate fremu ya wavu wa mbu kabla ya pazia.

Makabati

Plaiwudi ya marini ya milimita 12, karatasi 8 hivi, na ya milimita 18 kwa meza ya jiko pekee. Karatasi moja ya 12 ina kilo 21, ya 18 ina kilo 32, basi usitumie nene pasipo sababu. MDF, yaani mbao ya unga ulioshindiliwa, inavimba kwa unyevu na haishiki skrubu kwenye mtetemo. Mninga unapendeza, lakini fremu za paini ni nyepesi zaidi. Maseremala wa Keko watakutengenezea vizuri ukiwaeleza jambo moja ambalo nyumbani halipo: kila kiungio kipate gundi na skrubu, kamwe misumari, na kila droo iwe na loki. Kabati zito lifungwe sakafuni kwa bolti za M8 zinazopenya bati, zenye washa pana chini na praima kwenye tundu.

Pembe za chini za kuta ziwe na paneli ndogo zilizofungwa kwa skrubu, bila gundi. Utazihitaji.

Safari ya kwanza iwe ya kilomita 50 kwenye barabara mbaya, makabati yakiwa matupu. Ukirudi kaza nati za magurudumu, yuboti za springi na bolti zote za makabati, kisha pitisha mstari wa rangi juu ya kila nati na bati lake, ili wakati mwingine uone kwa jicho iliyolegea. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, fungua zile paneli za pembeni na ingiza vidole nyuma ya povu. Vikitoka vimelowa, rudi kwenye chaki na mpira wa maji siku hiyohiyo, kabla mbao haijaanza kubadilika rangi.